Kijani Kisichotaka Kutoka

Jumatatu, 16 Agosti 2004

Swali hili limenisumbua tangu nilipokuwa chuo kikuu: kitu ambacho hakuna jicho la mtu lililowahi kukiona kwa rangi, rangi yake halisi ni ipi? Naliandika leo kwa sababu Jumamosi nitalazimika kulijibu mbele ya mgeni rasmi, na hatima ya kompyuta ya shule inategemea jibu hilo.

Hali ilivyo. Edith, niliyesoma naye fizikia, yuko ng'ambo kwenye chuo chenye darubini kubwa. Amenitumia kwa posta sidii yenye picha tatu za wingu moja la gesi, mbali mno angani, mahali nyota zinapozaliwa. Zote tatu ni nyeusi na nyeupe. Moja imepigwa kupitia kichujio kinachopitisha mwanga wa hidrojeni peke yake, ya pili wa oksijeni, ya tatu wa salfa. Rangi anazipanga binadamu. Desturi ya wanaoifanya kazi hii ni kuipa salfa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu, kisha kuziunganisha. Nimeziunganisha. Hidrojeni ni nyingi kupita kiasi, imewameza wenzake. Wingu lote limetoka kama bakuli la mlenda.

Mama Cornelia, Mkuu wa Shule, ametangaza kwamba chumba cha kompyuta kitafunguliwa rasmi Jumamosi, na baada ya hapo ufunguo utakaa kwa mtu mmoja. Ama kwangu, kwa ajili ya sayansi, ama kwa Mwalimu Modesti wa Uraia, kwa ajili ya mradi wake wa kadi za harusi. Ufunguo ukienda kwake, wingu langu nimeliaga. Anasema siku hizi shule isiyo na mradi haitakuwa na chaki. Nikiwa mkweli, hoja yake ina uzito. Ndiyo sababu haifai kuachwa isimame.

Modesti aliingia, akakitazama kioo cha kompyuta kwa makini, akauliza kama leo wanafunzi wanakula hiyo mboga na ugali wa ulezi au wa mahindi.

Jumanne, 17 Agosti

Hatua ya kwanza imetekelezwa. Modesti hawezi kutengeneza kadi bila kutandaza karatasi zake mezani, upande wa kushoto wa kompyuta. Nafasi hiyo haipo tena. Nimeihamisha spika kubwa ya shule, ile ya mahafali, nikaibananisha na kioo upande huohuo. Nilimweleza kwamba stoo imeingiwa na panya. Aliitazama spika, akanitazama mimi, akasema panya wa mwaka huu kweli wana njaa, wamefikia kula spika. Kisha akatandaza kadi zake sakafuni na kuendelea na kazi huku akipiga mluzi.

Sikuupenda ule mluzi. Lakini meza ni yangu.

Jumatano, 18 Agosti

Asubuhi nilifundisha usumaku kidato cha pili. Niliwaonya wasisogeze sumaku karibu na saa zao wala kanda za kaseti. Walielewa upesi. Nilitoka darasani nikijiona mtu mwenye mpangilio.

Mchana nilianza kupunguza kijani. Kazi inataka subira: unaishusha hidrojeni, unazipandisha oksijeni na salfa, na kwa kuwa hizo mbili ni hafifu, ukizivuta kupita kiasi zinatoa chembechembe kama vumbi la Agosti. Nilizivuta kwa adabu. Dhahabu ikatokea. Ndani ya dhahabu, buluu. Nilisahau hata ubaridi wa chumba.

Tatizo: nyota zimegeuka zambarau. Hilo Edith alikuwa amenitahadharisha. Nyota nyeupe ukiipokonya kijani inabaki na nyekundu na buluu, na hizo mbili zikikutana ni zambarau. Ambalo hakunitahadharisha ni kwamba upande mzima wa kushoto ungekuwa zambarau, hata pale pasipo na nyota. Nina dhana mbili. Ama salfa imejikusanya upande huo kwa namna ambayo sayansi bado haijaigundua, ama nimekosea mahali fulani. Kwa sasa nimechukua ya kwanza.

Bertha, anayefundisha Dini, alipita kuchukua chaki. Aliuliza kwa nini wingu limevaa zambarau ya Kwaresima mwezi wa nane. Alinikumbusha kwamba mgeni rasmi ni Bwana Polikarp, mwenye maghala ya mahindi, na pia mwenyekiti wa baraza la walei parokiani. Akiona zambarau atadhani tumefiwa. Nikamwambia basi nitarudisha kijani kidogo. Akasema, "Thubutu, mwenzangu." Bwana Polikarp anautaka udiwani mwakani, na mji mzima unaijua rangi ya kofia yake ya chama. Watasema shule inampigia kampeni.

Kwa hiyo nimebakiwa na kijia chembamba kati ya Kwaresima na kampeni.

Alhamisi, 19 Agosti

Nilikuwa na kanuni kwamba picha hurekebishwa yote kwa kipimo kimoja. Kupendelea upande ni kudanganya. Nimeiweka kanuni hiyo kando hadi Jumapili. Nimeutenga upande wa kushoto na kuuongezea kijani peke yake, kidogokidogo, mpaka zambarau ikafa.

Matokeo yamenishangaza hata mimi. Dhahabu kutoka pembe hadi pembe, buluu imetulia katikati, nyota nyeupe kama unga wa sembe. Bertha alisema sasa hii ni Pasaka. Mama Cornelia alisimama nyuma yangu muda mrefu, akauliza ni nani aliyepaka rangi. Nilimjibu kwamba hakuna aliyepaka. Hizo ndizo rangi zake. Nimelichunguza jibu hilo jioni nzima. Nusu yake ya kwanza naweza kuitetea.

Mama Cornelia alisema mgeni akipendezwa, yeye hatakuwa na la kupinga kuhusu ufunguo. Modesti alikuwepo. Aliacha kupiga mluzi.

Ijumaa, 20 Agosti

Kuchapa. Modesti amejitolea kunichapia picha kwa mashine ya mradi wake, bure, kwenye karatasi ngumu za kadi. Ukarimu wa mpinzani unapaswa kuchunguzwa kabla ya kupokewa. Sikuwa na muda wa kuuchunguza, nikaukataa. Nilimwambia Mkuu hapendi. Akasema haya dada, akaenda zake, na kwa nusu saa nilihisi kama nimemwibia mtu kitu.

Nilikwenda mwenyewe kwa baiskeli hadi studio moja ya picha huko Mazwi, picha nimeinakili kwenye sidii mpya mkobani, upepo usoni njia nzima. Fundi alipoifungua kwenye kompyuta yake alikuna kidevu, akauliza kama nimeuridhia upande huu. Mimi nilikuwa upande wa wateja, nyuma ya kompyuta yake, nisipoweza kuiona picha. Nilimwambia asiguse chochote. Nawajua watu wa studio. Hurekebisha hata pua za watu bila ruhusa. Akasema, "Sawa mama, picha ni yako." Ilitoka na fremu, imefungwa kwa gazeti na kamba.

Sikuifungua. Njiani palikuwa na vumbi, na shuleni palikuwa na Modesti. Nimeitundika na gazeti lake ukutani, karibu na mlango wa chumba cha kompyuta, nikaifunika kwa kitenge cha Mama Cornelia. Kwenye kompyuta nimeiacha picha ileile wazi, iwe shahidi.

Jumamosi, 21 Agosti

Nitajaribu kuandika kwa utulivu.

Asubuhi Modesti aliomba spika kwa ajili ya muziki wa uwanjani. Nilimruhusu. Aliibeba peke yake, akihema, nami nilifurahi kumwona akiutua kwa mikono yake mzigo niliomtwisha. Kisha nilichana gazeti kwa kuingiza mikono chini ya kitenge, kwa kupapasa, maana alikuwa amerudi na kusimama karibu.

Bwana Polikarp aliwasili. Shikamoo zikapokewa, hotuba zikasomwa, kitenge kikavutwa.

Upande wa kulia ulikuwa dhahabu na buluu. Upande wa kushoto ulikuwa kijani. Kijani cha kofia, kisicho na haya.

Bertha, aliyekuwa ubavuni pangu, aliniambia kwa sauti ya sala kwamba kampeni imezinduliwa. Nikajikaza. Niliwaeleza wageni kwamba fundi wa Mazwi ameiharibu picha, na kwamba picha ya kweli iko kwenye kompyuta. Karibuni mwone wenyewe. Wakanifuata wote, Bwana Polikarp mbele, wajumbe wa bodi nyuma yake. Niliwasogezea kiti. Niliwaelekeza kwenye kioo kwa kidole kabla sijakitazama mwenyewe.

Kushoto, kijani.

Nje, spika ilikuwa ikiimba kwaya. Niliisikia besi yake ikitetemesha dirisha, nami nikaikumbuka sumaku iliyomo ndani ya kila spika, na kidato cha pili, na saa zao. Zambarau ile haikuwa kwenye wingu. Ilikuwa kwenye kioo, ambacho sumaku huvuruga rangi zake, nami ndiye niliyeileta. Nilikuwa nimeutibu upande usioumwa. Kidato cha pili walikuwa dirishani, na nadhani baadhi yao walielewa kabla yangu.

Bwana Polikarp alinishika mkono na hakuuachia. Alisema hajawahi kuliona shamba lake la Mpui namna ile: huku mahindi bado mabichi, huku yamekauka yanangoja kuvunwa. Aliuliza tumelipiga kutoka ndege gani. Nilimwambia kwa heshima kwamba ni wingu. "Kabisa," alisema, mwaka huu mawingu yametutendea haki. Nilijaribu mara ya pili. Akawaambia wajumbe kwamba mwalimu ni mnyenyekevu. Kisha akaagiza kalenda za mwakani zenye picha hiyo, na pembeni picha yake na kofia yake, kwa kila kaya kuanzia Mpui hadi Msanzi.

Mama Cornelia alikata shauri palepale. Mradi sasa unaitwa Mradi wa Kadi na Kalenda. Ufunguo ni wa Modesti. Mimi nimeteuliwa Msimamizi wa Rangi, nisiye na ufunguo.

Modesti alinifuata baadaye, akaniambia nisihuzunike, dada Scola, mlango atanifungulia nikimwomba. Ila spika inarudi stoo. Alisema panya wamehama.

Jumapili, 22 Agosti

Baada ya misa nilipata nafasi ya kufikiri bila kelele.

Mtu wa haraka angehitimisha kwamba spika haipaswi kukaa karibu na kioo cha kompyuta. Nimelipima hitimisho hilo na naliona jepesi. Kilichotokea ni kwamba kioo kilivutwa upande mmoja, nami nikakosea upande mmoja. Kwa hiyo kosa halikuwa la spika. Lilikuwa la spika moja. Ingekuwepo ya pili upande wa kulia, kasoro ingekuwa sawa pande zote, nami ningeirekebisha picha yote kwa kipimo kimoja, kama kanuni yangu inavyotaka. Meza nayo isingekuwa na nafasi ya karatasi za kalenda, kushoto wala kulia, ingawa hilo si lengo.

Kwaya ya parokia ina spika ya ukubwa uleule. Bertha ameahidi kuniombea. Nimemweleza kwamba panya wameshafika stoo ya parokia.

Ama swali lenyewe, rangi halisi ya wingu lile, bado sijalijibu. Kila jicho nililolijaribu lilikuwa na kitu mbele yake: la Bertha altare, la Bwana Polikarp shamba, langu kioo kilichopinda. Jicho lisilo na kitu mbele yake sijui linapatikana wapi. Wakati nikilitafuta, nitaanza na spika mbili.