Ombi la Kuondoa Lokapu Kabla ya Jumamosi

Chaka,
Jumapili jioni.

Kwa Mjomba Theuri,
Nyumba iliyo karibu na zizi,
Hapa hapa nyumbani.

Mjomba mpendwa,

KUH: KUONDOLEWA KWA LOKAPU KATIKA GARI LAKO

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima na gari likiwa limezimwa. Najua tunaishi boma moja na ningeweza kuvuka uwanja nikakwambia haya kwa mdomo. Tatizo ni kwamba nikifika mbele yako nitasema "ni sawa tu" na kurudi. Shuleni nimefundishwa lugha mbili, Kiingereza na Kiswahili, na zote mbili hunikimbia nikitazamwa. Karatasi hainitazami.

Usije ukasema nalalamikia kitu nisichokijua. Ulinieleza mwenyewe, ukiwa umeshika mabakuli mawili ya uji. Kwenye gari la otomatiki, ulisema, injini haishikani na giaboksi. Katikati kuna konvata, ambayo ni kama mabakuli mawili yanayotazamana, yamejaa mafuta. Injini inazungusha bakuli la kwanza, mafuta yanasukuma la pili, na hapo kati kuna utelezi, nguvu kiasi inapotea bure. Lokapu ni klachi inayoyashika mabakuli yote mawili yazunguke kama kitu kimoja. Ndipo ukamwambia fundi Kihara akufungie moja yenye swichi kwenye dashibodi, kwa ajili ya mashindano ya magari ya Jumamosi hii. Hayo yote nayaelewa. Malalamishi yangu ni haya.

1. Jina lake, ambalo kwa watu wengine ni chumba cha mahabusu polisi. Siku ile ikifungwa, Cucu, yaani mama yako mwenyewe, alikupigia simu. Wewe ulikuwa chini ya gari, Kihara akaipokea. Cucu akauliza uko wapi. Kihara, mtu mkweli, akajibu, "Theuri hawezi kushika simu, Cucu. Anafungiwa lokapu." Cucu akauliza ni kwa kosa gani. Kihara akasema, "Ah, ni mambo ya spidi tu. Kesho atatoka."

Yaliyofuata ulisimuliwa. Mimi niliyaona, kwa sababu ndimi niliyebebeshwa blanketi. Cucu na akina mama wa kanisa walifika kituo cha polisi na thamosi ya chai. Afisa wa zamu alitafuta jina lako kitabuni akalikosa, Cucu akamwambia atafute vizuri, mtoto wake si wa kupotezwa hivi hivi. Mwishowe afisa aliomba radhi kwa kutokukushika. Cucu alizikataa radhi hizo. Jumapili iliyopita uliombewa kwa jina, na ulipoingia kanisani na shati jipya, Mama Kathambi alikushika kwa mikono miwili akakuuliza polepole, "Na huko ndani walikupea chakula?" Nawe, badala ya kueleza, ukajibu, "Kidogo tu." Mjomba, hiyo haikusaidia.

2. Lango la shule. Ulinionya kwamba lokapu lazima iachiliwe kabla ya gari kusimama, la sivyo magurudumu yanaivuta injini mpaka inazima. Ulinionya mimi, nisiyeendesha. Jumatatu ulifika langoni ukinieleza habari ya viazi vya Mweiga, kidole hakikugusa swichi, gari likatetemeka kama ndama aliyelowa, likazima. Wasichana wote waliokuwa langoni wakageuka. Mmoja akasoma maandishi ya ubavuni mwa gari, akasema, "Ati turbo. Pikapu ya maziwa ya baba haizimangi." Nilishuka nikijificha nyuma ya begi langu. Mpaka Ijumaa nilikuwa naitwa Turbo. Mimi, ambaye mwalimu akiniita jina, anayejibu ni jirani yangu.

3. Kelele. Yaani, kukosekana kwake. Unajua nimechaguliwa kusoma risala ya wanafunzi siku ya wazazi, ambayo kwa bahati tu ni Jumamosi hiyo hiyo. Sikujitolea. Mwalimu Mugo aliipenda insha yangu, akasema aliyeiandika ndiye atakayeisoma. Mama atakuwa Mwea kununua mchele wa biashara, na Cucu tangu siku ya kituo cha polisi hataki kuona mtu aliyevaa sare. Lakini hayo si malalamishi, nimeyataja tu.

Malalamishi ni kwamba kila asubuhi nilikuwa nafanya mazoezi ya risala garini mwako, uso dirishani, chini ya mlio wa injini. Ilikuwa siri yangu na injini. Sasa umeweka kifaa ambacho ukikibonyeza utelezi unakwisha, injini inatulia, na gari zima linakuwa kama maktaba. Jumatatu hiyo tulikuwa tumepita Kiganjo. Nilikuwa nimefika "walimu wetu, wazazi wetu wapendwa," ukabonyeza. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, kubwa, imejaa gari. Nawe bila kugeuza kichwa ukasema, "Hapo kwa wazazi unameza maneno. Rudia."

Sikurudia. Ukahamia viazi vya Mweiga mpaka langoni, na langoni unajua tulivyofika. Tangu siku hiyo kila tukipita Kiganjo unabonyeza makusudi, kisha unajifanya unatazama barabara. Nimekuona.

4. Hatari kwa jamii nzima. Hii ndiyo kubwa, na naiandika kwa masikitiko. Mjomba, nyumba yetu inaishi kwa utelezi. Mama akitaka kukwambia kwamba hilo gari linakula kuliko ng'ombe, husema, "Theuri, siku hizi kuna baridi." Cucu akichoshwa na mahubiri, hukohoa. Wewe ukiona nimelia, unaniuliza kama nimekula. Kati ya injini zetu na magurudumu kuna mafuta mengi, na ndiyo maana bado tunaketi meza moja.

Sasa fikiria kila mtu afungiwe lokapu. Mama atasema alichomaanisha. Cucu atamwambia mhubiri akae chini. Kifaa kikifika Mweiga, mwenye viazi atamweleza mnunuzi kilicho katikati ya gunia. Kikifika Nyeri mjini, fundi cherehani atakiri kwamba nguo yako hata hajaikata. Ikifika Krismasi, kutoka hapa mpaka Meru hakutakuwa na mtu wa kumwalika mwenzake chai. Mlima utabaki pale pale, lakini watu walioko chini yake hawatasalimiana.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima kuu lokapu iondolewe. Si lazima iwe milele. Jumamosi peke yake ingetosha. Kihara anasema bila lokapu hakuna haja ya wewe kwenda kushindana, na hilo litaniuma sana, kwa kuwa utakuwa na asubuhi nzima bila la kufanya. Pengine ungetafuta mahali pa kukaa tu. Kwa mfano kwenye kiti cha plastiki, chini ya hema.

Nisalimie Kihara na wote walioko gereji, na umwambie asipokee tena simu ya mtu. Mama anakusalimu, anasema siku hizi kuna baridi. Cucu anakoroma chumba cha pili, nitampa salamu zako akiamka. Ng'ombe nao hawajambo.

Ni mimi mpwa wako, anayekuheshimu hata akiwa amenyamaza,

Kabura (si Turbo).

Nyongeza: Usiitoe. Nimemuuliza Kihara tena. Risala ni asubuhi, mashindano yenu ni alasiri, na anasema kwa lokapu utatoka shuleni na kufika kiwanjani na chai utakunywa. Bila lokapu hana hakika. Kwa hivyo ibaki. Halafu Ijumaa, ulipobonyeza, nilirudia pale kwa wazazi kimoyomoyo, na sikumeza hata neno. Kaa safu ya mbele, pembeni. Ukiona nimekwama, weka kidole gumba juu ya goti ubonyeze, mimi nitaona. Lakini nikikaribia mwisho, Mjomba, tafadhali kumbuka kuachilia, nisizime mbele ya watu.