Mwaliko wa Harusi Uliompeleka Salma Kwenye Chanjo

Jamani, aibu niliyoipata leo sina pa kuiweka. Hata chai imenishinda!

Mnajua Jumamosi namuoa Salma wa Kisarawe. Mnajua pia baba yake, Mzee Kondo, aliniwekea ngumu muda mrefu, kisa kwetu Magindu ni wafugaji. "Mwanangu simtoi akachunge ng'ombe!" Nikamwapia: baba, mimi niko Tangini, nafanya kazi ya kompyuta, ng'ombe nakutana naye kwenye supu tu. Akalegea. Juzi nikajitia kimbelembele: "Mialiko yote niachie mimi, baba. Programu itawatumia watu kwenye simu." (Nani alinituma? Hakuna.)

Leo asubuhi nikakaa kuiandika. Sasa, mwaka jana nilitengeneza programu ya duka moja la dawa za mifugo, Kwa Mathias, ya kuwakumbusha wafugaji siku ya chanjo. Ndani yake kuna klasi, yaani fungu la maelekezo ya programu, inaitwa Mfugaji, na klasi hiyo ina methodi, yaani kazi inayoijua: tumaUjumbe. Klasi nyingine ikiihitaji haina haja ya kuiandika upya. Inaiita tu: unataja mwenye kazi, unaweka nukta, unataja kazi.

Nikaona ya nini nijichoshe? Nikafungua klasi mpya, Harusi, humo nikaita mfugaji.tumaUjumbe. Inadai vitu vitatu: mpokeaji, mhusika na siku. Nikaipa mgeni, Salma, Jumamosi. Ikakubali bila kelele! Nikajipigia makofi (peke yangu, chumbani).

Nilichosahau ni kwamba maneno ya ujumbe yalikuwa humo humo ndani ya methodi. Niliyaandika mimi mwenyewe, na leo sikuchungulia hata kidogo.

Nikabonyeza. Wageni mia mbili, mara moja!

Simu ya kwanza, Salma. Salamu hakuna. "Soma ulichomtumia baba."

Nikasoma: "Ndugu Mzee Kondo, mnyama wako SALMA anatakiwa kuchanjwa Jumamosi. Mlete akiwa amefungwa kamba. Kama anatoa povu mdomoni, tujulishe mapema."

Mama yangu mzazi!

"Salma, sikia, ni programu..."

"Shangazi zangu wote wameupata. Imamu kaupata!" Akakata.

Sijameza mate, Mzee Kondo huyo hewani.

"Shikamoo, baba."

(Marahaba yenyewe nikanyimwa.)

"Kijana, si ulisema huchungi?"

"Sichungi, baba. Nimeita tu methodi ya klasi nyingine."

"Umeita nini?"

"Methodi, baba."

"Ya nani?"

"Ya... ya mfugaji."

"Ahaa!"

Nikajua harusi imekufa. Nikaanza kuomba radhi kwa lugha zote, mpaka nikamwambia baba, nisamehe, nampenda mwanao. Hapo nikasikia kitu nyuma yake. Kicheko! Nyumba nzima, mashangazi wanapiga vigelegele, na anayecheka kuliko wote ni Salma. Mzee naye sauti ikaanza kumtetemeka.

"Harusi ipo," akasema. "Lakini kadi utaandika kwa mkono, na kila nyumba utapeleka wewe mwenyewe."

Nimefika kadi ya kumi na nne, vidole havina hali. Mwenye mwandiko mzuri aje anisaidie. Anayetaka kucheka abaki kwake, Kisarawe wapo wa kutosha.