Msabato wa Ghala la Pamba

Jumapili, 7 Januari 1968. Kasese.

Dharau gani hii! Nimerudi kutoka Bwera, kule mpakani, jioni, mzigo wa vitenge begani, vumbi mpaka masikioni, na binti yangu mwenyewe, Masika, kanipokea kwa kiti cha wageni. Akapiga magoti, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akaenda kumwambia mama yake kuna mtu. Kuna mtu! Mimi!

Kabugho hakucheka. Alisema kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi napima pamba ghalani, Jumapili nafuata vitenge kwa Marie-Louise, yule mama Mkongo wa Bwera, na kwamba yeye aliolewa na mume, si na mzigo. Nisipompa siku moja kamili nyumbani kila wiki, anarudi kwa kaka zake Kitswamba. Kumtoa mke kule ni lazima uende na mbuzi, ukae chini, usemwe na watu wasiojua hata kufunga kamba za viatu. Na hii kazi yote namfanyia nani? Shukrani ya punda ni mateke.

Jumatatu, 8 Januari.

Nimepata! Wasabato hawafanyi kazi Jumamosi. Nikiwa Msabato, Jumamosi ni ya mke na Jumapili ni ya vitenge. Hapotezi mtu. Nashangaa wenye akili hawajaliona jambo hili. Padri nitamweleza baadaye.

Msimamizi wetu, Olanya, aliwahi kuwa askari na hapendi maelezo marefu. Alitaka mzee wa kanisa aje kuthibitisha. Nikamwendea Zedekia, seremala wa Rukoki, mzee wa Wasabato. Alinikumbatia mpaka kalamu ikavunjika mfukoni, akaenda kunithibitisha kwa Olanya jioni ileile.

Jumamosi, 13 Januari.

Nimetapeliwa! Hakuna aliyeniambia kwamba Sabato ni siku nzima kanisani. Somo, ibada, chakula cha pamoja bila hata tone la kahawa, somo tena, nyimbo mpaka jua lizame. Kila nilipousogelea mlango, Zedekia alinishika mkono akanitambulisha kwa ndugu mwingine. Nimefika nyumbani giza limeingia. Kabugho aliuliza Jumamosi yake iko wapi. Nilimwambia iko njiani.

Jumapili, 14 Januari.

Dhuluma! Nilikuwa nimekwisha kupanda lori la Bwera, nimekaa vizuri juu ya magunia, Ocen, mlinzi wa ghala, akaja kunishusha. Olanya alikuwa amesimama nyuma yake. "Wewe Sabato, jana iko pumzika. Leo pima pamba. Twende!" Abiria wote walisikia.

Kwa hiyo sasa napima pamba siku sita na siku ya saba nasali. Nimeruka majivu, nimekanyaga moto.

Jioni nikakuta nyumba tupu. Kabugho hayupo, Masika hayupo, mzigo wa vitenge chini ya kitanda haupo. Nikajua ni Kitswamba. Nilikaa kizingitini, na nakiri nililia kidogo. Jua linazama, wakashuka kwenye lori la Bwera wote wawili wakitafuna karanga. Kabugho kauza kila kitambaa kwenye masoko ya njiani, kisha akafika kwa Marie-Louise kuagiza vingine. Hapo ndipo nilipokasirika. Mwanamke anaondokaje nyumbani bila kuaga?

Jumatano, 17 Januari.

Marie-Louise amekuja Kasese na vitenge vipya. Nilimwona kwa mbali, nikafunga vifungo vya shati, nikaenda kumpokea. Akanipita! "Hapana weye. Niko natafuta mama Masika." Ni mimi niliyembebea mizigo miaka yote ile mpaka shingo ikapinda! Wamekaa jikoni wakipatana bei, nami nikatumwa kuni.

Ijumaa, 19 Januari.

Kabugho kanikalisha. Biashara ya vitenge anaichukua yeye, ataifanya katikati ya wiki. Mimi nirudi kwa padri wangu, nipime pamba Jumamosi kama zamani, na Jumapili tukae nyumbani wote. Nilikwenda kumuaga Zedekia. Alihuzunika kweli, akaahidi kuniombea. Olanya alisema tu nisimletee dini nyingine.

Nilitaka kujadili. Kabugho akaendelea kuchambua maharage, akasema taratibu, "Baba Masika, ukibadili dini tena, mimi nabadili mume."

Jumapili, 21 Januari.

Nimeshinda nyumbani. Nimekula chakula kikiwa bado moto. Kabugho aliimba akisuka nywele. Masika alilala mapajani mwangu, mguu wangu ukafa ganzi, nami sikuusogeza. Sijapata siku nzuri kama hii tangu nioe, nasema wazi.

Lakini haki iko wapi? Mke afanye biashara, mimi nibembeleze mtoto? Watu watasema nini? Nikiwa nimekaa pale na mguu wangu uliokufa, nimegundua kwamba hakuna anayepeleka Bwera chumvi ya ziwani Katwe siku ya Ijumaa. Hakuna hata mmoja! Na jirani yetu Muhamood, mchinjaji, hufunga duka lake Ijumaa na hakuna mlinzi anayekwenda kumshusha kwenye lori.

Maneno ya Kabugho nimeyasikia. Ila mtu akichambua maharage husema mengi. Kesho alfajiri, kabla hajaamka, napita kwa Muhamood anielekeze kofia nzuri zinauzwa wapi. Ijumaa itakuwa ya chumvi tu. Jumapili ni ya familia, siigusi kabisa, labda chumvi ikibaki.