Fomu ya Tisa ya Eness

Munajua kwamba hapa Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini, palikuwa na serikali mbili? Ya kwanza ilikuwa ya muzungu wa boma, na bendera yake. Ya pili ilikuwa Komite ya Chungu Kimoja, na muhuri wake, na kusema kweli hii ya pili ndiyo ilifanya kazi.

Komite ilikuwa ya watu ambao ukoo haukujua uwaweke wapi: mwanamuke anayekaa na mwanamuke mwenzake, mwanaume na mwanaume mwenzake, chungu kimoja, mukeka mumoja. Akiugua mutu wa Komite, aliletewa uji. Akifa na ndugu wakakataa kuja, Komite ilichimba kaburi.

Prezida alikuwa Mama Bwembya, mukaushaji wa samaki, aliyechaguliwa mwaka wa hamsini kwa sababu alichelewa mukutano. Alikubali kwa mwaka mumoja tu. Siku ileile aliandika vifungu kumi na vine, akachonga muhuri kwa muhogo mubichi. Muhuri ule ulioza kila wiki mbili, ukachongwa mupya. Kwa hiyo idhini ya Komite ilinona mwanzo wa mwezi, ikanywea katikati, ikanona tena. Boma halikuwa na muhuri wenye uhai namna ile.

Kifungu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa cha saba: Prezida asiwe na mwenzake, ili ugomvi wa nyumba za watu aukate bila upendeleo. Watu walipiga makofi. Hakufikiri kwamba mutu mwenye akili, akisikia uchaguzi unakaribia, atatafuta mwenzake mbio ili asipewe kiti. Kila mwaka wiki ya kura ilikuwa wiki ya mapenzi makubwa pale ufukoni. Asubuhi ya kura mutu pekee asiye na mwenzake alikuwa Mama Bwembya, akachaguliwa tena kwa sauti moja.

Na kila mwaka Eness wa Kilwa, ile ya ng'ambo, alivuka ziwa na mutumbwi wa samaki wakavu, akamupa fomu ya kuomba kuingia Komite. Penye "Jina la mwenzako" aliandika: Prezida anajua. Prezida aliipeleka nyumbani, akaisoma mara tatu, akaigonga muhuri: IRUDISHWE, HAIJAKAMILIKA. Kisha alisonga bukari, ugali wa mutu mumoja, akala.

Mwaka wa hamsini na nane Eness hakumupa fomu mukononi. Alisimama katikati ya mukutano, magamba ya samaki bado kwenye kitenge.

"Mama Prezida, kifungu cha ine kinasema fomu isomwe mbele ya wote. Soma."

"Nitaisoma nyumbani."

"Ulisomaka nyumbani mara nane. Mie nimechoka. Kesho samaki zangu ninapeleka soko ya Puta, na huku sirudi tena."

Bwembya alimutazama karani wake, Chilufya. Chilufya alitazama kitabu.

"Kifungu cha ine," akasema, "ni vile."

Prezida akasoma. Jina, sawa. Kazi, sawa. Alipofika penye jina la mwenzake, sauti ilimukauka kuliko samaki wake wote. "Prezida anajua," akasema.

Sampa, mufuma nyavu, alimugusa Watson wake kwa kiwiko. "Siye pia tunajua."

"Toka lini?"

"Toka hamsini, mama. Hata karani wa boma anajua."

"Na hamukuniambia?"

"Kifungu cha tatu," akasema Watson. "Mutu asiingilie nyumba ya mwenziye. Si uliandika weye mwenyewe? Na ukagonga muhogo."

Bwembya alichukua muhuri. Ulikuwa wa siku kumi na tatu. Ulipogusa karatasi ulitoa maji tu. Akajaribu tena. Maji.

"Nikijibu hii fomu," akasema, "mie si prezida tena."

"Kiti itakuwa wazi!" Chilufya alishituka. "Nani atakaa?"

Ufuko muzima watu walishikana mikono. Matildah, aliyekuwa amemununia mwenzake toka asubuhi, alikimbia kumukumbatia.

"Kiti ibaki wazi," akasema Bwembya, akautupa muhogo kwa kuku. "Eness. Ile kifungu ya saba niliandika sababu ya woga. Usiende Puta. Mie nilitakaka ukae na mie, toka ile fomu ya kwanza."