Mguu Uliokonda, Mto Ulionenepa

Muuguzi wa matende alipoingia soko la Nausori, huko Fiji, na vidonge vyake vya bure, akiomba kila mtu apandishe nguo hadi magotini aonekane miguu, wauzaji walimeza na kuonyesha miguu huku wakitaniana. Vasemaca peke yake ndiye aliyekumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyuma ya magunia. Alikuwa mjane muuza magimbi, na sulu yake, shuka la kujifunga kiunoni, ilifagia sakafu mwaka mzima, jua liwake, mvua inyeshe.

Inoke alimwona. Alikuwa kwenye benchi la wauza yaqona, kile kinywaji cha mizizi, akinywa bilauri ya mwenzake, na macho yake hayakuukosa ule mguu wa kushoto unaoburutwa. Inoke hakuwa daktari, lakini hilo halikuwahi kumzuia kutibu. Yeye wagonjwa hakuwataka sana, maana mgonjwa hupatana bei. Aliwataka wenye aibu. Wenye aibu hulipa upesi na hawaulizi kwa sauti.

Akadodosa hapa na pale. Akaambiwa kwamba Vasemaca anamwoza binti yake baada ya wiki tatu, na kwamba ndani ameweka tabua, jino la nyangumi kubwa la kupelekwa kwa wakwe. Bila jino hilo harusi ni kichekesho. Huko Suva Inoke alimjua mzee mmoja wa kununua vitu kama hivyo bila maswali.

Jumatatu akabisha mlango kwa Vasemaca, mguu wake wa kulia umevimba kama shina la mgomba.

"Kwenu wapi, mama?"

"Moala."

"Moala! Ama kweli leo nimeangukia kwa watani! Mimi wa Nairai. Nipishe nipite, mchawi wewe. Kuku yuko wapi?"

Visiwani humu utani hauishii mdomoni. Mtani huingia kwako akachukua kuku, mkeka, hata shati mgongoni, na ukinuna umekiaibisha kisiwa chako. Kama Nairai na Moala ni watani kweli, hakuna aliyeuliza. Mtu mwenye mguu kama ule utamdai cheti?

Kuku akaliwa. Inoke akapandisha suruali.

"Naona unautazama. Matende, dada yangu. Ila nina mafuta yangu. Vidonge vya yule nesi ni lazima uvuliwe kwanza, soko zima likuone. Mafuta haya hayana mdomo."

Vasemaca akakaa chini. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyelitaja neno hilo mbele yake. Akaifunua sulu, kidogo tu.

Basi Inoke akapewa kitanda cha mgeni, wakawa wanajipaka wote wawili, na kila asubuhi Vasemaca akaipima miguu kwa kamba na kufunga fundo. Kufikia Jumatano mguu wa Inoke ulikuwa umepungua nusu. Ijumaa ulikuwa mguu wa kawaida, wenye vinyweleo na kovu la mbwa. Wa Vasemaca ulibaki palepale.

"Wako sugu," alisema Inoke kwa huzuni kubwa. "Unataka mafuta makali. Na mwenye nayo hapokei pesa, anapokea tabua."

"Tabua ya mwanangu?"

"Basi siku ya harusi utembee hivyohivyo mpaka mbele ya kanisa. Wakwe wana macho, dada."

Vasemaca alilia. Kisha akaenda kulitoa lile jino, akampa.

Jumamosi asubuhi Inoke alitoka "kufuata mafuta makali". Vasemaca akaanza kuanika matandiko ya wageni wa harusi. Mto wa mgeni wake ukagoma kuingia kwenye foronya. Siku zote uliingia bila shida. Akaubonyeza, akaupima kwa macho, mwishowe akaufumua.

Ndani mlikuwa na sponji zilizokatwa mviringo, zimepakwa rangi ya kiatu ya kahawia, na moja ilikuwa na vidole vitano vilivyoshonwa kwa ustadi kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa Vasemaca. Akazipanga moja juu ya nyingine, akazizungushia kamba. Zilifika kwenye fundo la Jumatatu kasoro unene wa mguu wa tapeli mmoja.

Hakupiga kelele. Alikwenda sokoni kwa wanawake wa Moala, akawaambia, "Jamani, mtani wetu anaondoka bila kuagwa."

Inoke alikuwa amekanyaga ngazi ya basi la Suva walipomzukia kumi na wawili.

"Mtani! Shati zuri hilo unampelekea nani?"

Shati likaenda. Saa ikaenda. Viatu, miwani, kofia. Stendi nzima ikaangua kicheko, dereva akazima injini asipitwe.

"Wezi! Hawa si watani wangu!"

"Kumbe?" Vasemaca akasogea. "Kama si mtani, kuku zangu alikula nani wiki nzima? Chagua mwenyewe. Mtani, au mwizi?"

Inoke akalikumbatia begi. Akainama kwenye sikio lake, akanong'ona, "Niachie hili begi, ama niwatangazie una nini chini ya sulu."

Vasemaca aliwatazama wenzake na wasafiri waliojaa madirishani, kisha akaishika sulu yake na kuipandisha hadi gotini.

"Matende," alisema. "Mwaka wa sita huu. Tazameni mpaka mtosheke, halafu nipeni hilo begi."

Hakuna aliyecheka. Muuza tangawizi alijifuta macho kwa kanga ya mabega.

"Na sisi tulidhani unaringa," alisema.

Jino lilikutwa begini, limeviringishwa ndani ya chupi. Jumatatu Vasemaca alikaa kwenye benchi la zahanati, akafundishwa kumeza vidonge, kuosha mguu kwa sabuni, kukausha katikati ya vidole, kuuinua akikaa.

"Hautakonda kwa siku tano," muuguzi alimtahadharisha.

"Wa siku tano nilishauona," alijibu Vasemaca.

Na Inoke? Jumamosi ileile, kifua wazi, alikwenda kushtaki polisi. Sajini Taniela alicheka mpaka akashika meza.

"Umevuliwa na watani? Hiyo si kesi. Shukuru wamekuachia suruali."

Kisha sajini akafunga mlango. Akafunga na dirisha.

"Sasa kaka, kati yetu tu. Hayo mafuta yako ninayoyasikia sokoni... na mabusha yanatibu?"

Siku nyingine Inoke angeuza hata mate yake. Siku hiyo hakuwa na chupa wala viatu, na alikuwa amechoka.

"Afande, ni nazi na manjano tu. Nenda hospitali. Wanapasua, unapona."

"Hospitali? Daktari wa pale kaniolea binti yangu! Nimvulie mkwe?"

"Ndio ukweli wenyewe, afande."

"Muuza magimbi umempa, mimi unaninyima?"

"Hakuna dawa, naapa!"

Sajini akachukua funguo. "Utaikumbuka ukiwa humo."

Kwa miaka kumi na minne ya utapeli Inoke hakuwahi kuonja rumande. Aliingia siku hiyo, kwa kosa la kutoa ushauri sahihi wa kitabibu.