Shamba la Ndugu Melkiori

Jumapili, 13 Julai 1975

Ibada ndefu. Mchungaji Eliasi ametangaza kwamba Sikukuu ya Mavuno itakuwa tarehe tatu Agosti, na siku hiyohiyo tutachagua msimamizi mpya wa kanisa. Wa zamani amehamishiwa Mwanza kikazi. Msimamizi anakaa benchi la mbele. Anasoma matangazo. Mgeni akija, anasalimiwa naye kwanza. Kazi hiyo naiona kabisa mwilini mwangu, kama koti.

Kwetu Masasi nilikuwa Mwanglikana, mmoja kati ya maelfu. Nilipomwoa Selina nikawa Mmethodisti. Hapa Kariakoo tukijaa sana tunajaza mabenchi manane. Mtu mwenye akili anaweza kufika mbali.

Tatizo ni Vitalis, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu. Ana shamba Kimara na kila mwaka analeta mahindi madhabahuni. Leo amesema ataongeza na mbaazi. Watu wakasema amina. Nikajikuta nimesimama. Nikasema mwaka huu na mimi nitaleta mazao ya shamba langu mwenyewe. Amina yangu ilikuwa kubwa kuliko yake.

Sina shamba. Selina ana mchicha kwenye karai bovu, uani. 

Jumatatu, 14 Julai

Nimetulia. Nimefikiri. Mpango ni mwepesi. Jumamosi ya kuamkia sikukuu nitanunua mihogo gengeni, ile minene. Nitaipaka udongo wa uani. Muhogo hauna kitambulisho; hakuna atakayeuuliza umezaliwa wapi.

Nimemweleza Selina. Akaniuliza kwa nini nisiseme tu kwamba nilikosea. Nikamwambia hajui uongozi.

Jumapili, 20 Julai

Balaa.

Kila mwaka kabla ya mavuno kanisa letu lina Siku ya Ushirika. Tunavuka na pantoni kwenda Kigamboni, tunaimba ufukweni, tunakunywa chai na maandazi, tunarudi. Leo Vitalis kasimama, mpole kama maji ya mtungini. Amesema mwaka huu taifa zima liko kwenye kilimo, basi si vizuri kukaa ufukweni. Kwa nini ushirika usifanyike kwenye shamba la Ndugu Melkiori, tumshukuru Mungu palepale mavuno yanapotoka? Mchungaji akafurahi mno. Jumamosi ijayo, akasema. Akaniuliza shamba liko upande gani.

Nikasema Mbagala. Sijui kwa nini Mbagala. Ndilo neno lililokuwa karibu.

Wakati wa kutoka Vitalis alinishika mkono akaniita bwana shamba.

Jumatatu, 21 Julai

Sikulala vizuri. Selina kanishauri tena niende kwa Mchungaji nikaseme ukweli. Nikamwambia ukweli una wakati wake.

Jioni mambo yakafunguka. Mwenye nyumba wetu, Bi Zamzam, alikuwa ukumbini anachambua mchele. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, Baba Tumaini, kwa sauti ya mtu mwenye mzigo. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ana shamba lake Mbagala, aliloachiwa na marehemu mumewe. Mihogo na mbaazi. Tangu goti limuanze hajaweza kwenda kupalilia, na sasa magugu yamelimeza. Bwana shamba wa huko atapita kukagua mwisho wa mwezi. Shamba la pori anapewa mtu mwingine alime. Ndivyo alivyotangaza.

Mbagala! Nilijizuia nisicheke.

Nikamwambia Wakristo wa kanisa letu wamesikia habari zake kama jirani, na Jumamosi wanakuja kumpalilia. Bure. Bi Zamzam akaacha ungo.  Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema alikuwa anaogopa kufa akiwa amelipoteza shamba la mumewe.

Hapo alinigusa moyo kidogo. Lakini ukitazama vizuri, simdanganyi mtu. Kanisa litakuwa shambani kwangu na Bi Zamzam atapaliliwa lake. Pande mbili zimefurahi, na katikati mtu mmoja tu anayejua.

Nimemsihi asihangaike kuja, kwa ajili ya goti. Amekubali. Selina alikuwa mlangoni, akasikia yote.

Jumatano, 23 Julai

Nimeomba ruhusa kazini. Bwana Ravindra, mwenye duka la vitambaa ninakouza, hapendi ruhusa. Nikamwambia naenda kulima. Mwaka huu hakuna tajiri anayethubutu kumkatalia mtu kwenda kulima. Akanipa siku nzima na sura mbaya.

Shamba nimeliona. Magugu yamenifika kiunoni. Mihogo imo ndani, lakini lazima uitafute kama mtu aliyepotea kwenye umati. Mkulima hodari hawezi kuwa na shamba la namna hii. Nikaazima jembe kwa jirani wa huko, mzee mmoja mkimya, nikaanza kusafisha mstari wa mbele angalau upendeze machoni. Nililima kwa nguvu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Yule mzee akaja kuchukua jembe lake. Akatazama kazi yangu. Akaniuliza kwa upole kwa nini nimeng'oa mbaazi na kuacha magugu.

Nimezichomeka tena ardhini. Hazikusimama.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu, juu ya ubao wa sanduku la chai: SHAMBA LA NDUGU MELKIORI. KARIBUNI. Herufi zimekaa vizuri isipokuwa "karibuni", ambayo ilibidi ishuke mstari wa chini peke yake.

Nimepitisha neno kwa waumini kwamba kila mtu aje na jembe. Nimesema ni sehemu ya ibada.

Selina amekiona kibao. Ameuliza kama Bi Zamzam amekiona. Nikasema Bi Zamzam haendi shambani. Selina akaenda kulala mapema.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika huku mkono unauma. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulipanda basi la UDA asubuhi, majembe yamefungwa kamba, akina mama na birika zao. Nilitangulia mbele ya wote, nikachomeka kibao. Walipofika wakasimama mbele ya yale magugu. Vitalis akapiga mluzi wa chini. Nikapanda juu ya kichuguu nikatoa hotuba. Nikasema magugu haya nimeyaacha kwa makusudi, maana ushirika bila jasho ni maneno matupu, na mtu anayejitegemea hula kwa furaha alicholima na wenzake. Mchungaji Eliasi akavua koti, akalitundika kwenye mnazi, akasema hajasikia neno zuri kama hilo tangu Pasaka.

Basi wakalima. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kwaya ilishika upande mmoja, wazee upande mwingine, wakajibizana nyimbo. Magugu yakawa yanalala chini kwa mafungu. Mihogo ikaanza kuonekana, shina kwa shina, mirefu na mizuri. Nikatembea katikati yao mikono mgongoni. Nilijisikia mwenye mali.

Vitalis alikuwa akinifuata kwa maswali. Hii ni mbegu gani ya muhogo? Nikamwambia ni ya kawaida. Tamu au chungu? Nikasema inategemea na mlaji. Na hizi mbaazi zilizokauka za mstari wa mbele? Nikasema ni aina ya mapema. Akatikisa kichwa kama anayejifunza.

Karibu na adhuhuri nikasikia sauti barabarani. Bi Zamzam. Kashuka basi la mchana, fimbo mkono mmoja, na nyuma yake yule mzee jirani kajitwisha sufuria kubwa la wali wa nazi. Nikakimbia kwenda kumpokea kabla hajafika. Nilijikwaa kwenye fungu la magugu. Nilipoinuka, alikwisha fika katikati ya shamba na kila mtu kasimamisha jembe kumwangalia.

"Jamani," akasema, "nilimuahidi Baba Tumaini sitakuja. Lakini nikaona haya. Watu watoke mjini kuja kumlimia mjane asiye hata wa dini yao, halafu mjane mwenyewe alale nyumbani? Mungu awalipe. Hili ndilo shamba aliloniachia mume wangu, na mwisho wa mwezi huu bwana shamba alikuwa alichukue."

 Watu wakamtazama yeye, kisha wakanigeukia mimi. Selina aliinama akawa anaondoa udongo kwenye jembe ambalo halikuwa na udongo.

Bi Zamzam akakiona kibao. Anasoma Kiarabu, herufi zetu hazijui. Akauliza, "Na hapo mmeandika nini?"

Vitalis akafungua mdomo. Mchungaji Eliasi akamwahi.

"Imeandikwa karibuni," akasema. "Karibu, mama. Umebaki upande wa mwembe tu. Tukiumaliza, tutakula."

Akachukua jembe lake, akarudi kwenye mstari. Mmoja mmoja wakamfuata, hata Vitalis. Mimi nilitafuta mahali pa kusimama nikakosa. Nikachukua jembe la mmoja wa akina mama aliyekuwa anapakua chakula, nikalima. Ndiyo mara ya kwanza leo niliyolima. Selina alinionyesha kwa kidole ipi mbaazi na ipi magugu. 

Wali ulikuwa mtamu. Nilikula nimewapa watu mgongo.

Katika basi la kurudi nilikaa na Selina. Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema, "Mimi sikukasirika. Niliona aibu. Bi Zamzam alinishika mikono akanishukuru, na mimi nilijua tangu Jumatatu." Kisha akatazama nje mpaka tunafika.

Jumapili, 27 Julai

Mchungaji aliniita baada ya ibada. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Hakuyauliza. Akasema tu niende nikamwombe radhi Bi Zamzam leo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine, na niende peke yangu.

Nimeenda. Nikamwambia yote, hata kibao.  Bi Zamzam akacheka mpaka akashika goti. Akasema marehemu mumewe alikuwa hivihivi, na ndiyo maana shamba lilikuwa limeandikwa kwa jina lake yeye, si la mume. Sikuelewa kama nimesamehewa. Alinipa kikombe cha tangawizi, nadhani ndiyo.

Ijumaa, 1 Agosti

Bwana shamba alipita jana. Bi Zamzam alikuwepo, Selina alimsindikiza. Yule bwana alizunguka shamba lote na hakukuta cha kusema, isipokuwa aliuliza nani aliyechomeka mbaazi zilizokufa. Shamba limebaki la mwenyewe.

Selina ameniambia kwamba akina mama wa kanisa wamekubaliana kwenda kumpalilia Bi Zamzam mara kwa mara, yeye akiwa mpangaji wa zamu. Nilikuwa sijui. Naona kuna mambo yanafanyika nyumbani kwangu bila mimi.

Jumapili, 3 Agosti

Sikukuu ya Mavuno. Madhabahu imejaa mahindi, ndizi, nazi, mkungu mmoja unaofika dirishani. Vitalis kaleta mahindi na mbaazi kama alivyoahidi. Bi Zamzam ametuma gunia la mihogo. Mchungaji akalitaja kwa jina lake, zawadi ya jirani, na kanisa zima likasimama. Mimi nililibeba hilo gunia kutoka nyumbani hadi madhabahuni, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Baadaye ukaja mnada. Mihogo ilinunuliwa kwa vita.

Kisha uchaguzi. Watatu tulisimamishwa: Vitalis, mimi, na mwishoni kabisa mama mmoja wa kwaya akamtaja Selina. Selina akashtuka. Tulipiga kura za karatasi.

Vitalis alipata za kutosha kutabasamu. Selina alipata karibu zote zilizobaki, nyingi sana. Mimi nilipata moja.

Jioni nilimshukuru Selina kwa kunipigia. Akasema, "Baba Tumaini, mimi nilimpigia Vitalis."

Basi ile moja ni ile niliyoipiga mwenyewe.

Alinihurumia. Akanikaangia samaki wa Feri, akaniwekea kipande cha katikati. Akasema kama ningemuomba Bi Zamzam kwa ukweli, na kanisa kwa ukweli, watu walewale wangelima shamba lilelile, na leo ningekuwa nimechaguliwa. Nilimsikiliza vizuri. Ana hoja. Nimeamua kuutafakari sana usemi huo.

Jumapili, 10 Agosti

Mke wangu amekaa benchi la mbele. Amesoma matangazo kwa sauti nzuri. Wageni wawili wametoka Upanga, akawasalimia yeye kwanza. Mume wa msimamizi naye si mtu mdogo. Wageni walipoelekezwa kwangu nilisimama.

Tangazo la mwisho: kanisa la wenzetu la mjini limetupa kinanda. Kizima, kimepungua kidogo tu upande wa kushoto. Mchungaji akasema tukipata mpigaji, mwaka huu Krismasi yetu itakuwa na muziki kama makanisa makubwa. Akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kujifunza. Watu wakatazamana. Vitalis akatazama viatu vyake.

Selina alikuwa amesimama palepale mbele na karatasi yake ya matangazo. Aliniona ninavyoinuka. Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili. Nadhani alikuwa ananitia moyo.

Nimewaambia nilipiga kinanda Masasi miaka mingi. Amina yao ilisikika mpaka barabarani.

Krismasi bado iko mbali. Nimekwenda kukitazama baada ya ibada. Kina vibao vyeusi na vyeupe. Nitaanza na vyeupe.