Mwarobaini Wangu Hauumwi

Kwa Mheshimiwa Naibu Chifu, Mama Susan,
Mtaa wa Nyuma ya Reli,
Voi.

Mheshimiwa Mama,

KUH: YULE BINTI ANAYETIBU MITI AKOMESHWE, NA KIKAO CHA ALHAMISI KIVUNJWE

Kabla sijalia mbele yako, wacha nijisifu kidogo, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa hivi hivi. Mimi Zephaniah Mghalu ni mtu wa bahati. Bahati yangu wengine huenda kuitafuta kwa waganga na hawaipati. Nilikuwa taniboi wa lori miaka hiyo, nimefika Kigali, nimefika Lubumbashi, nimekula na watu ambao majina yao siwezi kuyatamka bila kujing'ata. Lori letu lilipopinduka pale Maungu, nilitoka na chupa ya chai mkononi na chai haijamwagika. Tembo wakitoka Tsavo hula mahindi ya kila mtu. Wakifika kwangu wanapita kama wageni walioshiba walikotoka. Na shule niliiachia darasa la sita, si kwa kushindwa, ila walimu walikuwa wamebakiwa na machache ya kunifundisha. Mtu wa namna hiyo, Mheshimiwa, hawezi kufuga mti mgonjwa.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mwarobaini kwenye ua kati ya kwangu na kwa jirani yangu Salme, Mama Jannat, ambaye unamjua vizuri kwa sababu hata wewe hununua mahamri yake. Shina liko kwangu, kichwa kiko juu ya jiko lake. Jiko lenyewe ni kibanda cha mabati, na humo ndimo anamoshinda tangu alfajiri. Amekuja kwako kusema kwamba mti unaumwa na siku moja utamlalia. Halafu akamleta binti mmoja anaitwa Abby, wa kutoka Mbololo, aliyesomea miti chuoni, mwenye helmeti, kamba, na mdomo. Abby ameukagua akasema ukatwe haraka. Wewe nawe umeweka kikao Alhamisi. Napinga, na sababu zangu ni hizi:

1. Mwarobaini unatibu magonjwa arobaini. Hili halihitaji chuo. Mama yangu alitunywesha majani yake kwa malaria, kwa minyoo, na kwa utundu. Sasa niulize kwa upole: daktari wa hospitali akikohoa, tunamkata? Nilimwuliza Abby swali hilo mbele ya watu, nikidhani nimemmaliza. Akanijibu, "Mzee, hata daktari wa meno huoza meno. Na hawezi kujing'oa mwenyewe." Watu wakacheka. Waliocheka wengi wao nawazidi umri.

2. Alisema kilele kimekauka, kwamba mti ukianza kufa hufia juu kwanza, majani yanaadimika, matawi yanabaki uchi hata mvua ikinyesha. Mheshimiwa, mimi pia kilele kimekauka. Nina upara tangu nilipooa. Hakuna aliyenitupia kamba.

3. Uyoga. Ni kweli kuna uyoga umeota chini kwenye shina, mpana kama sahani, umepangana kama rafu za duka. Mimi niliuona kama riziki. Abby akasema uyoga wa namna hiyo hauoti kwenye mti mzima, huota pale ambapo ndani kumeshaoza. Ukiuona nje, ujue umekula ndani siku nyingi. Nikasema huo ni uchochezi, wake na wa Mama Jannat. Nilimkatia kuku wangu kipande ili kuthibitisha. Kuku akakitazama, akanitazama, akaondoka. Lakini kuku huyo ana kiburi tangu zamani.

4. Kuinama. Wanasema mti umeinama kuelekea jikoni, na kwamba upande wa nyuma udongo umeinuka na kupasuka, mizizi inachomoka. Nilieleza vizuri kabisa kwamba tembo alikuja kujikuna hapo. Mama Jannat akatokeza kichwa juu ya ua, mwiko mkononi: "Tembo gani huyo, Baba Lewis? Aingie asivunje ua, asile mahindi, ajikune, atoke, na lango alifunge? Tembo huyo kafundwa!" Niliumia sana, kwa sababu hata kama tembo hakuja, angeweza kuja. Na kuinama kwenyewe kuna ubaya gani? Mti unaomwinamia mama mpishi una adabu kuliko vijana wengi wa mtaa huu.

5. Abby alitoa nyundo ya mbao akaanza kuligonga shina kama mtu anayebisha mlango. Kule juu likalia ko, ko, kama mti. Alipofika usawa wa magoti likalia bum. Akanigeukia: "Umesikia, mzee? Hodi imeitikiwa na nyumba tupu." Halafu akachukua bisibisi akaisukuma kwa kiganja tu, ikazama mpaka kwenye mpini kama inaingia kwenye mkate. Hapo niliomba niishike bisibisi hiyo. Nilikuwa naikagua ncha tu; nisieleweke vibaya.

6. Nilipomwona amepanda anafunga kamba, nikatumia sheria ya juu zaidi. Nikatangaza kwamba mti huu ni fighi. Wewe ni wa kwetu, unajua: fighi ni vile vichaka vya wazee wetu Wadawida vinavyolinda nchi, mtu haingii ovyo wala hakati hata kijiti. Abby, kwa kuwa ni mtoto wa Mbololo, alishuka mara moja. Nilifurahi siku nzima. Watu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, na mbuzi wakafungwa mbali. Mama Jannat peke yake ndiye aliyebaki chini yake akikaanga. Alisema unga umeshaumuka, na unga haujui fighi.

Ila habari ikapanda mlima, na mjomba wangu Mwadime, mmoja wa wazee wanaozitunza fighi, akateremka kutoka Mbololo na fimbo yake, kuja kuona fighi iliyozaliwa bila yeye kuarifiwa. Akauzunguka mti. "Fighi hii," akasema, "ina kamba ya nguo? Ina misumari? Ina bango la kuuza maji baridi?" Halafu akaniambia neno ambalo silipendi hata leo: kwamba kule kwenye fighi mti hauguswi, uanguke ukitaka, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuweka jiko chini yake. Akaenda kuketi kwa Mama Jannat, akala mahamri mpaka yakaisha, akaondoka bila kuniaga.

7. Nimelaumiwa mimi! Abby anasema mti haukuamka siku moja ukawa mgonjwa. Misumari ya bango, mimi. Saruji niliyoimwaga kuzunguka shina ili pawe pazuri pa kucheza bao, mimi. Takataka zilizokuwa zinachomewa juu ya mizizi, mimi. Na lile tawi kubwa nililolikata kwa panga, likabaki kisiki kilichochanika, maji yakawa yanaingia humo kila msimu, mimi tena. Eti dalili zilipoanza ningemwita mtu anayejua, mti ungepona. Mheshimiwa, nani duniani huita daktari wa mti? Nimefika Lubumbashi sijaona. Mti ulipoanza kutoa utomvu ubavuni nilidhani ni jasho. Hapa Voi nani hatoki jasho?

8. Mti huu aliupanda marehemu mke wangu Alice, mche ukiwa ndani ya pakiti ya maziwa. Hilo silitaki lijadiliwe Alhamisi.

Na utazame hatari tunayoelekea. Leo mti unahukumiwa kwa kukauka kichwa, kupinda mgongo, kulia utupu tumboni na kuota vitu ubavuni. Kesho sheria hiyo hiyo itafika kwa binadamu. Wanaume wa mtaa huu tutalazwa chini wote kabla ya Krismasi, na hao wanaokuja kuomba kura watakatwa wakiwa bado wanahutubia. Nani atabaki? Mama Jannat na kuku wangu.

Kwa hivyo naomba yafuatayo. Abby arudishwe Mbololo akatibu maparachichi. Kikao kivunjwe. Upepo wa Agosti upewe onyo na ofisi yako, upitie upande wa Salaita, kule kuna nafasi ya kutosha na hakuna mtu anayekaanga kitu. Na kama ni lazima kitu kihame, basi lihame jiko. Lakini lisiende mbali, kwa sababu mimi hunywa chai hapo kila asubuhi, na Mama Jannat ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka kwamba mimi iliki kwenye chai siiwezi.

Wasalimie wote nyumbani: mzee wako, watoto, dada yako wa Chala na ndizi zake, na karani wako asiyepokea simu. Mjomba Mwadime ukimwona msalimie. Hata Abby msalimie, lakini kwa sauti ndogo.

Ni mimi raia wako, mwenye adabu na hasira kwa kipimo kimoja,

Zephaniah Mghalu (Baba Lewis)

N.B. Mheshimiwa, mwandiko huu mzuri si wangu. Ni wa Mama Jannat, huyo huyo ninayemshtaki. Ameandika kila neno nililomtamkia bila kupunguza, na pale kwenye uchochezi aliniuliza kama aongeze "mkubwa." Mimi siwezi kushika kalamu. Juzi alasiri nilitoa viti nikaviweka chini ya mti, mtaa mzima unione, nikamwalika na yeye aketi tuwaaibishe waoga. Akakubali kuniridhisha tu. Hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kuniletea sukari, tawi likashuka. Kiti chake sasa ni kuni. Mkono wangu wa kulia uko ndani ya plasta mpaka begani.

Na bado nimekaa hapa sebuleni kwangu nikamwandikisha yote hayo ya juu. Lakini sasa hivi, tulipomaliza salamu, ameweka kalamu akasema ngoja akawashe jiko, watu wanataka mahamri ya jioni. Akachukua kiberiti, akafika mlangoni. Nikauona mti kule nje, juu ya kichwa chake. Nimemwita arudi, kuna maneno yamebaki. Ameniuliza, "Maneno gani tena, Baba Lewis, na mafuta yananingoja?"

Ni haya. Usingoje Alhamisi. Mlete Abby leo, aje na kamba zote alizo nazo, aukate mpaka atakapoona yeye panafaa. Mpaka afike, jiko litakuwa sebuleni kwangu, na moshi na uwe moshi.

Na ile bahati nilidanganya. Sina. Pale Maungu nilipoteza meno ya mbele, na chai ilimwagika yote.